Mtungi Nilioufuta kwa Mikono Yangu

Hodan,

Salamu za kuondoka umeshapewa na mji mzima. Tangu juzi wanawake wa Takaba wanaingia na kutoka, wanakushika kichwa, wanakuombea. Mimi sikuingia. Nimekaa nyuma ya duka juu ya kreti la soda, na karatasi hizi nimezichana kwenye daftari lako la kidato cha pili, kwa hiyo usilitafute. Hii ni siku ya tatu naandika. Kesho alfajiri gari linaondoka, na lazima nimalize leo kabla ya magharibi, kwa sababu macho yangu na taa hayapatani tena.

Usidhani kuna mtu ananiandikia. Kisomali ni cha mdomo wangu, lakini mkono wangu unajua Kiswahili peke yake. Nilikipata kwa Mutiso, dereva niliyekuwa utingo wake, tulipokuwa tukipeleka mbuzi Nairobi. Alinifundisha herufi kwa kunisomesha maneno yaliyoandikwa nyuma ya malori mengine. Mlevi, Mungu amsamehe, lakini alinifundisha. Miaka miwili baadaye nilikuwa dereva mwenyewe, na sijawahi kupindua gari. Waulize. Barabara ya Wajir wakati wa mvua ilimeza madereva wenye leseni nzuri kuliko yangu, mimi haikuniweza.

Sitakuambia ule nini huko Eldoret wala uvae nini kwenye baridi. Hayo ni ya shangazi yako. Nimeshika kalamu kwa sababu ya neno moja aliloniletea dukani.

Shamsa alikuja, akasimama mlangoni, hakukaa. Akasema, "Adan, msichana hataki kwenda."

"Ameitwa chuo kikuu, aache? Ana wazimu?"

"Anasema, nani atamfunga mama yake shash?"

Unajua nilimjibu nini dada yangu? Nilicheka. Nikamwambia, "Aliyemchoma ndiye afunge." Shamsa akatema mate chini. Akasema, "Ulimi wako, Adan, hata fisi akiukuta njiani ataupita." Akaondoka.

Nikabaki na lile neno langu mwenyewe. Aliyemchoma ndiye afunge. Karibu miaka mitatu sasa, kila asubuhi kabla ya shule, umekuwa ukipiga magoti nyuma ya mama yako ukimfunga kile kitambaa cha kichwa, kwa sababu vidole vyake vimeshikana na haviwezi kufunga fundo. Na yeye anakaa mbele yako kama jiwe. Hasemi ahsante. Hakuiti jina. Anakuita "wewe". Wewe, leta maji. Wewe, vuta kulia. Nimeliona hilo kila siku huku nikinywa chai yangu, na chai ilipita kooni vizuri tu.

Sasa kaa chini usome, na usome polepole kwa sababu mwandiko wangu si kama wako.

Ilikuwa likizo ya Desemba, jilaal, kiangazi chetu, imeshaanza, upepo mkavu unapasua midomo. Mimi nauza petroli kwenye mitungi ya plastiki ya njano, ile ya lita ishirini iliyokuwa ya mafuta ya kupikia. Wauza petroli tulikuwa watano, lakini watu walipenda yangu, na sababu unaijua: kila asubuhi niliifuta mitungi mpaka vumbi likaisha na mteja akaiona petroli ndani inavyong'aa. "Petroli ya Adan haina maji." Hilo lilisemwa mpaka Lafey, na mimi ndiye niliyelianzisha. Nilifutia kipande cha nailoni cha gauni la zamani la mama yako.

Jioni ile wewe ulitoka na daftari. Isaak wa bodaboda alikuwapo na wenzake wawili. Ukachana pakiti ya sukari vipande vidogo, ukasugua kalamu ya biki kwenye shali yako, ukaisogeza. Vile vipande vikaruka vikashika kalamu. Wale wakashangaa. Mimi nikasema ni uchawi wa watoto. Ukasema, "Si uchawi, Aabo. Ni elektroni zimehama."

Nakumbuka kila neno. Mtu wa barabara hasahau.

"Kila kitu kimejaa chembe," ulisema. "Hata mtungi, hata wewe. Katikati kuna protoni, na pembeni kuna elektroni. Protoni ina chaji ya kujumlisha, elektroni ina chaji ya kutoa. Kama zile alama mbili juu ya betri ya lori."

"Betri niliijua kabla mama yako hajanijua."

"Basi utaelewa upesi. Protoni ni nzito karibu mara elfu mbili, na haitoki mahali pake. Elektroni ni nyepesi, ndiyo inayohama ukisugua. Lakini chaji zao ni sawasawa. Moja ya huyu inamaliza moja ya yule, hakuna kinachobaki. Ndiyo sababu vitu vimetulia na havitupigi shoti."

Mimi nikakuuliza, na sauti yangu ilikuwa bado nzuri, "Mzito mara elfu mbili, na yule mwingine kama kinyesi cha inzi, wana nguvu sawa?"

"Chaji sawa, Aabo. Haizidi wala haipungui."

"Nani amesema?"

"Wamepima."

Isaak akajipiga paja. "Mzee Adan! Basi wewe na Hodan mko sawa! Tena yeye anatembea, wewe umekaa tu hapo katikati kama hiyo protoni!" Wakacheka mpaka mmoja akashika pikipiki asianguke. Na wewe, Hodan, ulitabasamu. Kidogo, ukaficha kwa shali. Niliona.

Halafu ukaongeza, mbele yao, ukidhani unanisaidia: "Ndiyo maana nakuomba usiufute mtungi wa petroli na nailoni. Hewa ya jilaal ni kavu, ile chaji haina pa kwenda, inakaa kwenye plastiki ikingoja chuma. Ufute na pamba yenye maji, halafu uuweke chini na uguse chuma mbali kabla ya kumimina."

Mtoto wa miaka kumi na sita ananifundisha petroli. Mimi nimelala juu ya petroli. Nimevuta sigara nimeegemea tangi.

Usiku nilikasirika kama ngamia dume. Ulipokuwa unasali nikaichukua simu yako chini ya mkeka, ile ndogo ya vitufe, nikafungua mgongo, nikatoa betri. Nikairudisha simu mahali pake. Nilitaka asubuhi ubonyeze, ubonyeze tena, ulie. Nilitaka kuona kama elektroni zako zitaiwasha. Betri nikaitia mfuko wa shati.

Soma tena sentensi hiyo. Betri nikaitia mfuko wa shati.

Asubuhi wakarudi wale wale. Niliwangoja. Sikuanza kufuta mpaka waketi. Nikachukua mtungi uliojaa na ile nailoni, nikasugua kama mtu anayepiga shoka, juu chini, juu chini, nikawaambia, "Njooni muone elektroni ya Hodan! Iko wapi? Toka, elektroni, tunywe chai!" Wakacheka, na safari hii walicheka upande wangu. Nywele za mkono wangu zilikuwa zimesimama. Nilizihisi. Plastiki ilikuwa inalia kidogo kidogo, tik, tik, kama mchwa kwenye ubao. Nilisikia, Hodan. Sikuwa kiziwi. Nilisikia na nikaendelea.

Isaak akafungua tangi. Mama yako akaacha maziwa yake ya kuuza, akaja kushika faneli ya bati kama siku zote, kwa sababu mkono wake haukuwa unatetemeka kama wangu. Nikainua mtungi. Cheche yenyewe ilikuwa ndogo, ya buluu, kati ya faneli na tangi. Ndogo kama kinyesi cha inzi.

Watu wananisimulia kwamba nilizima moto. Mimi ndiye niliyewapa hadithi hiyo, na wameirudisha kwangu ikiwa imenona. Sikuzima. Niliuachia mtungi nikakimbia mpaka kwenye ukuta wa msikiti. Mama yako alibaki na faneli inayowaka, akaivuta kwenye tangi ili Isaak asilipuke, akausukuma mtungi kwa mguu mbali na duka, na mikono yake yote miwili ilikuwa inawaka moto. Wewe ndiye uliyemtupia mchanga. Wewe ndiye uliyemfunika kwa shali ukamlalia. Nilikuwa ukutani natazama.

Walipokuja mbio sikungoja kuulizwa. Kama unataka kitu cha kubeba kutoka kwa baba yako, beba hiki: anayetoa jibu kabla ya swali, mtazame mikono. Nilipiga kelele, "Simu! Ni simu ya huyu msichana!" Kwenye vituo vya mafuta huko njiani niliona picha nyingi za simu iliyokatwa na mstari mwekundu. Nilijua uongo upi utaaminiwa. Kila aliyewahi kufika Garissa ameiona picha hiyo. Na kweli ulikuwa umekaa hatua tatu tu na simu mkononi, ukibonyeza, ukibonyeza.

Ulisema, "Aabo, simu imezima. Haiwaki tangu asubuhi."

Nikakupiga kofi mbele yao wote. Nikasema, "Sasa imezima, maana imeshafanya kazi yake." Nikakunyang'anya, nikaenda nayo nikaitupa chooni, wakasema huyu mzee ana hasira ya haki. Hakuna aliyepata nafasi ya kufungua mgongo wake aone ndani hamna kitu.

Hospitali kule Mandera mama yako alifungwa mikono kama mtoto aliyevishwa soksi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Ni nini kilichowaka?" Nikamwambia, "Simu ya binti yako." Akageuza uso ukutani. Wewe ulikuwa mlangoni na chupa ya uji. Nilikuona. Ungeweza kusema, nami nilijua ungeweza, kwa hiyo nilikufuata nje, nikakwambia ukifungua mdomo juu ya mtungi, daftari zako zote nitawashia jiko. Ukanyamaza. Kwanza ulinyamaza kwa hofu. Halafu, nilikutazama miezi ile, ukaanza kunyamaza kwa kuamini. Hilo lilinishangaza hata mimi. Msichana aliyepita wavulana wote wa shule kwa hesabu, na hesabu hii moja hukuthubutu kuipiga. Uliona mikono ya mama yako na ukasema labda ni mimi. Kama una ujinga wowote, Hodan, ni huo.

Na mimi ulinifaa. Sitakuficha. Kabla ya moto ulikuwa na mdomo, kila jioni swali, kila jioni "Wamepima." Baada ya moto nilikuwa na binti anayeteka maji bila kuambiwa na asiyeinua macho. Wageni wakija nilisema, "Huyu ndiye aliyemchoma mama yake. Wewe, lete chai." Wakiona aibu, mimi naongeza sukari. Kosa lako lilikuwa kamba shingoni mwako na nilipenda kuishika. Nani mwingine Takaba angeweza kufunga jambo moyoni miaka hii yote, hata usingizini asiliseme? Hakuna. Hata katika uovu mimi si mtu wa pili.

Lakini kuna siku moja. Mwaka jana, umekaa nje unasoma, mama yako alikuwa anajaribu kufunga shash peke yake kwa meno, akidhani hakuna anayemwona. Kona moja ameiuma, nyingine inaponyoka. Ameiuma, inaponyoka. Nilihesabu mara kumi na moja, halafu nikatoka nikaenda kukagua mitungi ambayo haikuhitaji kukaguliwa. Hakulia. Mimi ndiye niliyetaka kulia, na ilinikasirisha, nikarudi nikakutukana wewe kwa sababu ya uzi uliokuwa sakafuni.

Betri ninayo. Ilikaa kwenye kopo la majani ya chai pamoja na nati na plagi za zamani. Sijui kwa nini sikuitupa na simu. Mtu wa lori hatupi spea. Nimeifunga ndani ya karatasi ya mwisho, utaihisi kwa vidole. Imevimba kidogo. Ina alama zako mbili, ya kujumlisha na ya kutoa, nimezifuta vumbi uzione. Asubuhi ile ilikuwa kifuani kwangu, upande wa kushoto, wakati mtungi unalia tik tik. Simu isiyo na betri haichomi hata kiberiti. Wewe mwalimu wa kesho, jifundishe hiyo kwanza.

Miezi hii nimekuwa nikiifikiria ile habari yako ya wawili walio sawa. Nilikataa kwa sababu nilidhani unanitukana. Sasa nakataa kwa sababu nyingine: ulisema moja ya huyu inamaliza moja ya yule, hakuna kinachobaki. Hapa kwetu haikuwa hivyo. Mimi nilitenda, wewe ukalipa, na kilichobaki kimekaa kwenye mikono ya mama yako. Labda mwalimu wako hakufika sura hiyo.

Sikuombi msamaha. Nimeomba msamaha mara mbili maishani, zote kwa polisi wa vizuizi, na zote nilikuwa nadanganya. Nikikuomba hutajua ni upi. Na usiniandikie barua ya huruma kutoka huko. Nitaichana.

Nenda. Si kwa sababu nakupenda, ingawa hilo nalo ni langu na silazimiki kulionyesha. Nenda kwa sababu hukuchoma mtu. Hakuna anayekudai kazi ya magoti.

Kesho alfajiri usimfunge mama yako shash. Ataketi mkekani akingoja, atasema, "Wewe, umechelewa." Mbusu mkono, chukua sanduku, toka. Shamsa atakupeleka garini. Nitaingia mimi. Nimejifunza lile fundo siku hizi tatu kila nikichoka kuandika, nikilifunga juu ya mdomo wa mtungi mtupu. La kwanza lilikuwa kama fundo la kufungia mbuzi. La leo linafaa, hata Shamsa angelikubali. Atahisi vidole vyangu shingoni na atauliza kwa nini ni mimi, mwanamume ambaye hajawahi kumshikia hata ndoo. Hapo nitakuwa sina mtoto wa kumsukuma mbele.

Sitamwambia ukiwapo. Sitaki unione nikiwa mdogo, ulishatabasamu mara moja inatosha. Ukisikia sauti yake ikifika mpaka stendi, na ana sauti, usishuke kwenye gari.

Na kwa sababu unajua, na mimi najua, kwamba siku ya moto nilikimbia, nakupa njia ya kunipima. Mmezoea kupima. Ukifika Eldoret piga simu ya Shamsa, sema unataka kuongea na mama yako. Usiulize kitu. Sikiliza neno la kwanza tu. Akisema "Hodan", ujue nilibaki mkekani nikamaliza. Akisema "wewe", baba yako yuko tena kwenye ukuta wa msikiti, na barua hii pamoja na betri ni zako. Mtumie Shamsa amsomee mama yako, kwa sauti, mbele ya duka, Isaak akiwapo.

Adan, aliyeufuta mtungi.